Maswali ya Magari: Taa Kubwa Inayokufa Upande Mmoja

SWALI: Nina pikapu aina ya Toyota Hilux ya dizeli, ya mwaka 1994, ninayoitumia kubebea viazi kutoka shambani hadi mjini. Taa kubwa ya kushoto iliacha kuwaka ghafla. Ikabaki inatoa wekundu hafifu tu, iwe nimeweka dimu (mwanga wa karibu) au fulu (mwanga wa mbali), na ile taa ndogo ya buluu ya kwenye dashibodi huwaka kwa mbali hata ninapokuwa kwenye dimu. Nilibadilisha balbu mara mbili bila mafanikio. Fundi umeme wa hapa kwetu akaniambia kwamba ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, imekufa, akaunga waya kutoka kwenye soketi ya balbu hadi kwenye bodi. Mwanga uliongezeka kidogo, lakini haukuufikia ule wa kulia. Baadaye tukagundua kwamba fyuzi moja ilikuwa imekatika, na sasa kila tukiweka mpya inakatika papo hapo tunapowasha taa. Tatizo liko wapi? — Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, una matatizo mawili, na la pili limeletwa na tiba ya lile la kwanza. Ondoa kwanza huo waya wa ethi uliounganishwa kwenye soketi, kwa sababu ndio unaokata fyuzi mpya. Nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa jambo hili linawasumbua mafundi wengi wazuri.

Katika magari mengi, hasa ya Ulaya, umeme chanya hupita kwenye swichi, ukafika kwenye uzi wa dimu au wa fulu ndani ya balbu, kisha ukarudi kwenye bodi kupitia waya wa ethi uliofungwa karibu na taa. Hilux za miaka hiyo, pamoja na Land Cruiser na Toyota nyingine nyingi za enzi zake, zimetengenezwa kinyume. Rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, ikishawashwa, umeme chanya hupita kwenye fyuzi mbili, moja ya taa ya kushoto na nyingine ya kulia, na kufika moja kwa moja kwenye ncha ya pamoja ya kila balbu. Swichi ya kwenye usukani haigusi upande wa chanya hata kidogo. Kazi yake ni kuchagua ni uzi upi upelekwe kwenye ethi. Maana yake ni kwamba nyuma ya taa yako hakuna waya wa ethi wa kufa. Ncha ambayo fundi wako aliidhania kuwa ethi ndiyo inayopokea chanya kutoka kwenye fyuzi, na aliyeiunganisha na bodi ametengeneza shoti kamili.

Kwa nini basi mwanga uliongezeka? Fyuzi ya kushoto ilipokatika, balbu ya kushoto ilikosa chanya yake, lakini ilibaki imeunganishwa na ya kulia kupitia nyaya za dimu na fulu, ambazo pande zote mbili huzitumia kwa pamoja. Ulipoweka dimu, umeme ulipita kwenye uzi wa fulu wa balbu ya kulia, ukavuka hadi uzi wa fulu wa kushoto, ukaingia kwenye uzi wa dimu wa kushoto, ndipo ukapata njia ya kwenda kwenye ethi. Nyuzi tatu zikagawana volti 12, na hakuna iliyopata za kutosha, ndiyo maana ukaona wekundu. Taa ya buluu nayo imeungwa kwenye waya huohuo wa fulu, ikapata mabaki yake. Fundi alipoleta ethi kwenye soketi alifupisha njia, zikabaki nyuzi mbili za kugawana badala ya tatu, na mwanga ukapanda. Kwa hiyo hakukosea alichokiona kwa macho. Alikosea maana yake.

Dalili hizo mbili zikija pamoja, yaani upande mmoja kuwaka nusu na taa ya buluu kuwaka kwa mbali ukiwa kwenye dimu, kwenye Toyota ya aina hii anza na fyuzi kabla ya kununua balbu yoyote.

Bado hatujajua ni nini kilichoikata fyuzi ya kwanza. Inawezekana ilichoka tu, kwani fyuzi ya miaka thelathini hulegea na kupata kutu kwenye miguu yake. Hata hivyo, usichukulie hivyo mpaka uwe umekagua. Chomoa soketi ya balbu ya kushoto, weka fyuzi mpya yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, kisha washa taa. Fyuzi ikikatika wakati balbu haipo, waya wa chanya unagusa bodi mahali fulani kati ya kisanduku na soketi, na mahali pa kuanzia kutafuta ni pale nyaya zinapopita kwenye kingo za bati karibu na rejeta na nyuma ya grili. Fyuzi ikibaki nzima, rudisha balbu na utazame tena. Ikikatika sasa, shuku balbu yenyewe au soketi, hasa kama soketi imeyeyuka au imegeuka rangi ya kahawia. Soketi za namna hiyo huonekana sana kwenye magari yaliyofungwa balbu za wati 100, ilhali nyaya zake zilipangiwa balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili, ya wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iliyosokotwa mahali pa fyuzi, haitaponya chochote. Itahamishia moto kwenye waya.

Kama fundi wako atataka kupima kwenye soketi, mwombe achomoe soketi za taa zote mbili kwanza. Akiacha balbu ya kulia mahali pake, umeme utarudi kupitia nyuzi zake na kuwasha taa ya kupimia mahali ambapo haukutakiwa kufika, naye atadanganyika tena. Atumie taa ya kupimia, si mita peke yake, kwa kuwa mita huonyesha volti hata pale ambapo hakuna nguvu ya kuwasha kitu. Klipu ya taa ya kupimia ikiwa kwenye bodi, ni ncha moja tu ya soketi inayopaswa kuwasha taa ya kupimia, na iwashe kwa dimu na kwa fulu vilevile. Kisha ahamishie klipu kwenye chanya ya betri: sasa ncha ya dimu iwashe mnapoweka dimu, na ya fulu mnapoweka fulu. Upande wa chanya ukikosekana, tatizo liko kwenye fyuzi, rilei au waya. Upande wa pili ukikosekana, tatizo liko kwenye swichi ya usukani au ethi yake, na hapo kwa kawaida taa zote mbili huathirika kwa pamoja.

Nyongeza kwa wenye magari ya aina hii: waya wa fulu ukichubuka na kugusa bodi, hakuna fyuzi itakayokatika. Fulu itawaka kila unapowasha taa kubwa, hata swichi ikiwa kwenye dimu, na watu wengi huishia kununua swichi mpya bila sababu.

SWALI: Peugeot 504 pikapu aliyoniachia mzee wangu ni ya mwaka 1986. Taa zote mbili zinawaka, lakini mwanga ni wa njano na hauoni mbali. Nimebadilisha balbu, nimenunua betri, hakuna tofauti. Je, nibadilishe taa nzima? — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Usinunue taa kabla ya kupima. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka: volti zikipungua kwa asilimia 10, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Balbu mbili za dimu za wati 55 huvuta takriban ampea 9, na kwa mkondo huo ukinzani wa ohm 0.1 tu, ambao unaweza kutokana na kiungo kimoja chenye kutu, hula volti 0.9.

Washa injini na taa, na uache soketi zikiwa zimeshika balbu. Kwenye betri unapaswa kupata kati ya volti 13.8 na 14.4, zikiwa chini ya 13, mgonjwa wako ni alternata, ile inayochaji betri, au mkanda wake. Betri ikiwa sawa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye ncha ya balbu inayopokea umeme, ukipenyeza kutoka nyuma ya soketi. Mita itakuonyesha volti zinazopotea njiani. Kisha pima vivyo hivyo kati ya ncha ya ethi ya balbu na hasi ya betri. Upande wowote unaopoteza zaidi ya volti 0.5 unahitaji kazi. Ukiwa ni upande wa ethi, waya mpya kutoka kwenye taa hadi kwenye bati lililokwanguliwa rangi ni tiba halali kabisa, tofauti na kwa ndugu yetu wa Iringa, kwa sababu Peugeot hurudisha umeme palepale kwenye taa.

Ukiwa ni upande wa chanya, chunguza kama umeme wote wa taa unapita ndani ya swichi ya usukani. Kama gari lako halina rilei za taa, ongeza mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zenye uwezo wa ampea 30. Leta chanya kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri yenyewe, kwa waya wa milimita za mraba 2.5, hadi mguu wa rilei ulioandikwa namba 30. Mguu namba 87 uende kwenye balbu. Waya wa zamani uliokuwa ukiwasha taa sasa uwashe rilei tu, kwenye mguu namba 86, na namba 85 iende kwenye ethi. Gharama yake ni ndogo, na swichi ambayo siku hizi ni taabu kuipata itapumzika.

Volti zikiwa nzuri na mwanga bado hafifu, chungulia ndani ya taa. Kioo cha nyuma cha kurudisha mwanga kikiwa kimepoteza mng'ao, hakisafishiki. Hapo ndipo utafute taa nyingine.

SWALI: Nimefunga balbu za LED kwenye Land Cruiser ya mwaka 1993. Upande mmoja hauwaki, na mwingine haubadiliki kati ya dimu na fulu. — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Balbu zako huenda ni nzima. Nyingi zimetengenezwa kwa magari ambayo ncha ya pamoja ni ethi, na kwako ncha hiyo ni chanya, kama nilivyoeleza hapo juu. Uzi wa kawaida haujali umeme unaingia upande gani, LED inajali. Kuna nyaya za kubadilisha zinazouzwa kwa ajili ya magari yanayowashwa upande wa hasi, nawe muulize muuzaji kwa maneno hayohayo. Binafsi ningerudisha balbu za H4 za wati 60/55, nikizishika kwa kitambaa safi ili mafuta ya vidole yasibaki kwenye kioo chake, kwa sababu taa ya gari hilo ilichorwa kufuata mahali uzi ulipo, na LED isiyokaa hapo kwa usahihi humwagia mwanga machoni pa dereva anayekuja mbele yako.