Kuanza kazi ya kuosha mazulia majumbani

Ndugu, nimekuelewa: una mtaji mdogo na unajiuliza kama ndoo, brashi na sabuni ya unga vinatosha kuanzia. Havitoshi. Kinachokosekana hapo ni kifaa cha kufyonza maji, na ndicho kinachobeba kazi yote. Nunua kwanza vakyumu inayofyonza vumbi na maji. Mashine ya kunyunyiza na kufyonza kwa pamoja itafuata wateja wakishaongezeka. Ongeza brashi laini, pampu ya mkono ya kunyunyizia, vitambaa vyeupe, feni na sabuni ya maji ya mazulia isiyo na povu jingi.

Fyonza vumbi zulia likiwa kavu, taratibu, ukipita pande zote mbili. Ukilowesha kabla ya hapo, vumbi linageuka tope. Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa sabuni yako, ukibonyeze kwenye kona iliyojificha kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, usiendelee. Kikibaki cheupe, nyunyizia sabuni kidogo kwa pampu na usugue kwa brashi laini.

Sabuni ikizidi hubaki kwenye nyuzi na kunasa uchafu, ndiyo maana mteja hulalamika kwamba zulia limechafuka upya baada ya wiki mbili. Suuza kwa maji safi, fyonza mara mbili au tatu, washa feni. Likikaa na unyevu zaidi ya siku moja, linaweza kunuka na kuota ukungu.

Jiki usiitie kwenye sufu, huila. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu. Mazulia ya hariri au ya kufumwa kwa mkono mwachie fundi mzoefu.