Maswali yenu: chama, kamisheni na karatasi za mahudhurio

Assalam aleykum jamani. Niliposema niandikieni kuhusu uadilifu nlidhani ntaletewa mawaidha, kumbe mmeniletea kesi tupu. Zimekuja nyingi na nyingi zafanana, kwa hivo najibu hizi chache.

SWALI (mama wa Langoni): Mie ni mweka hazina wa chama chetu cha kina mama. Mara moja moja nikikwama nachukua kidogo narudisha kabla ya mkutano, hakuna aliyewahi kukosa hata shilingi. Kuna ubaya?

Upo dadangu. Wewe wahesabu shilingi zilizorudi, lakini wenzio walikuwekea pesa kwa masharti, kwamba atakayezitumia ni yule chama kimekubali, na wewe umejikopesha bila kuomba huku pengine kuna mwenzio alikuja kuomba ya karo mukamwambia asubiri zamu yake. Hebu jaribu hivi, mkutano ujao simama useme "Jumanne nilichukua elfu tatu, Ijumaa nikarudisha". Ukiona ulimi wazito basi jibu ushalipata mwenyewe.

Ila lawama yangu kubwa ni kwa hicho chama chenyewe. Mtu mmoja ana pesa, ana daftari, ana na simu yenye laini ya chama, hiyo hesabu ataikagua nani? Pesa zishikwe na mmoja, daftari ashike katibu, kila mkutano mwengine kabisa asome hesabu kwa sauti zilizoingia na zilizotoka, na kama muna akaunti ya benki basi hakuna kutoa kwa saini moja. Wengine wataona wamevunjiwa heshima, "kwani hamniamini?" Waambieni twakuamini ndio maana twakusitiri, manake mtu mwema akiachiwa pesa za watu peke yake na mtoto ana homa saa nane usiku, hapo mwamtafutia mtihani bure.

SWALI (kijana wa gesti, Shela): Nikimpelekea nahodha wageni wa safari ya magofu ya Takwa hunipa kamisheni. Hii nayo ni rushwa?

Hapana, ni ujira wako wa kuunganisha watu na Amu yote yajua. Shida ni pale mgeni anapokuuliza "nahodha gani mzuri?" nawe ukamtaja anayekulipa zaidi na wamjua fika mashua yake yavuja na laifu jaketi hana. Mwambie tu mgeni huyu hunipa changu kidogo lakini ni baharia hodari, uone kama atakukimbia. Hatakimbia.

SWALI (mkulima, bara ya Lamu): Tuliitwa mkutano wa mradi, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli. Sasa twasikia imeandikwa "wananchi wamekubali". Sisi tuliosaini ndio tumekosa?

Hamjakosa nyinyi, na hili sisi watu wa Lamu twalijua kuliko wengi. Ile stesheni ya umeme wa makaa ya mawe iliyotakiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, ilipewa leseni na NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya taifa, mwaka 2016, na Juni 2019 lile jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira likaifuta leseni, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Mikutano ilikuwepo jamani, watu walikaa kwenye viti, lakini ilikuwa ya kutambulisha mradi tu kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika, sasa utakubali vipi kitu ambacho hujakisoma na hata hakijaandikwa?

Na hapa ndipo napataka hasa, manake huwezi kumshika mtu hata mmoja ukasema ndiye mwongo. Aliyeitisha mkutano kweli aliitisha, aliyeandika majina kweli aliandika, aliyepiga picha kweli alipiga, na aliyekaa ofisini akaandika "wananchi wameshauriwa" alikuwa na karatasi mbele yake zenye saini. Kila mstari una ukweli wake, uongo uko kwenye jumla. Taasisi ikifikia hapo hata uwajaze malaika watafanya kazi ya uongo na kila mmoja jioni arudi nyumbani roho nyeupe. Siku nyengine kabla ya kusaini someni kichwa cha karatasi, kikiwa hakina kitu andikeni juu kwa mkono wenu "tumehudhuria, hatujakubali lolote", na mpige picha kwa simu. Soda kunyweni, haina kosa.

SWALI (dada, Malindi): Bosi wetu ni mtu safi, swala hazimpiti, hali hata chai ya mtu. Mbona ofisi yake imeoza?

Kwa sababu usafi wake ameuvaa yeye, ofisi hajaivisha. Naandika haya nikiwa nawajua mabosi wa aina hiyo, wako wengi. Mzigo umekwama bandarini, yeye mkono hautii, ila kila asubuhi ni "mbona haujatoka?", na siku ukitoka haulizi umetokaje. Penye udhia penyeza rupia, lakini rupia atapenyeza dereva, na siku ya kushikwa atashikwa dereva, na bosi atasikitika kwa dhati kabisa.

Usiangalie walichotundika ukutani. Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64 na uadilifu ulikuwemo kwenye maneno yao manne makuu, Desemba 2001 ikafilisika kwa hesabu za kupika. Angalia nani hupandishwa cheo pale kwenu, na aliyesema "hii siisaini" mwaka jana yuko wapi leo. Na mkumbushe bosi kwa adabu kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 yataka hata kampuni za watu binafsi ziwe na utaratibu wa kuzuia hongo, na mwenye madaraka akijua au hata akishuku ana saa 24 za kuripoti. "Sikujua" ya mtu ambaye hakutaka kujua yaweza kumtokea puani.

SWALI (asiyetaka kutajwa): Mie ndio naandaa vocha za malipo ofisini, kuna za semina ambazo hazikufanyika. Nikisema nafukuzwa. Nifanye nini?

Sitakudanganya kwamba ukisema kweli utapigiwa makofi. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za Goldenberg, ile kashfa kubwa ya wizi wa pesa za umma, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alifutwa kazi na alikufa 2006 hali yake ikiwa duni, na nchi nzima ilikuwa imefaidika na ujasiri wake. Kwa hivo nenda kwa akili. Andika tarehe, viwango na nani alikwambia nini siku ileile, usiyaweke kwenye kompyuta ya ofisi, usiende kuyamwaga barazani manake magharibi yatakuwa yashafika Matondoni. EACC, ile tume ya maadili na kupambana na ufisadi, wana ofisi Malindi, na kwenye tovuti yao waweza kuripoti bila jina. Na kama kwa sasa huwezi kusema kwa ajili ya watoto sikuhukumu, lakini hizo vocha usizisaini. Omba likizo, umwa, fanya lolote, jina lako lisikae pale.

SWALI (Malindi): Mjomba wangu ni mjumbe wa bunge la kaunti, amepewa saa ya bei ghali kwenye hafla ya kufungua mradi. Haramu?

Ibara ya 76 ya Katiba yasema zawadi ya afisa wa dola kwenye shughuli rasmi ni zawadi ya Jamhuri na yatakiwa ikabidhiwe serikali, labda iwe sheria imeiruhusu. Kwa hivo mwambie mjomba aivue.