Pasaka kwa ndugu Dar: mfikirie mwenyeji kabla ya matembezi

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu. Mko Dodoma, wewe, mkeo na watoto wawili wa miaka 10 na 6, mnataka kwenda kula Pasaka kwa mdogo wako aliyepanga Dar, yule anayefanya kazi ya ulinzi wa usiku. Laki tatu itatosha? Mlale kwake au mtafute gesti? Na watoto uwapeleke wapi? Wachangiaji wengi hapo juu wamekimbilia hilo la watoto. Mimi naomba nikae zaidi kwa huyo mdogo wako, maana wa kwangu nilishamuumiza bila kujua.

Krismasi ya 2023 tulikwenda kwa mdogo wangu wa kike, Mbagala. Ni fundi cherehani, ana fremu yake ndogo karibu na Rangi Tatu. Amepanga chumba na sebule, choo na bafu wanachangia na wapangaji wengine watatu. Mumewe ni dereva wa malori, muda mwingi yuko njia ya Tunduma. Sisi tulikuwa watano: mimi, mke wangu, mama yetu mzazi na wanangu wawili. Basi lilitushusha Mbezi, stendi ya Magufuli, jioni, na hapo bado mji mzima ulikuwa mbele yetu. Tulifika Mbagala saa tatu usiku watoto wamelala mabegani. Tukakuta pilau la nyama, kuku, soda kreti zima. Kesho yake supu na chapati. Siku nne tulikula hivyo hivyo, na mimi nikawa namwambia mke wangu kuwa mambo ya mdogo wangu yamemnyookea. Siku ya kuondoka nikamwachia elfu ishirini.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, tukiwa nyumbani tunapukuchua mahindi, mama ikamtoka tu: mwenzako alikopa laki na nusu kwenye kikoba ili atupokee, na mpaka leo hajamaliza kurejesha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Aliniapisha." Sikuwa na la kujibu. Nikaendelea kupukuchua lakini macho hayakuwa yanaona mahindi.

Ndiyo maana Pasaka ya 2025 nilijipanga kwa namna nyingine, na hiyo ndiyo nataka kukupa.

Kwanza hesabu. Treni ya SGR Dodoma hadi Dar, daraja la kawaida, sisi tulilipa 31,000 mtu mzima na 15,500 mtoto wa kati ya miaka 4 na 12. Kwenu nyie wanne ni 93,000 kwenda na 93,000 kurudi, jumla 186,000. Katika laki tatu yako imebaki 114,000. Hiyo ni daladala, vocha, maji ya kunywa njiani, sadaka na dharura. Ndani yake hakuna fungu la mwenyeji. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba haitoshi, na usijidanganye itatosha kwa sababu "tunafikia kwa ndugu". Ongeza laki na nusu. Kama haipatikani, nendeni wawili wawili, wewe na mtoto mmoja Pasaka, mkeo na mwingine likizo ya mwezi wa sita. Tiketi kata mapema na ya kurudi kata siku hiyo hiyo, maana ya Jumatatu ya Pasaka kila mtu anaitaka. Uwe na namba ya kitambulisho. Safari ni kama masaa manne, na watoto watafurahia yale mahandaki ya upande wa Kilosa; wa kwangu mdogo kila treni ikiingia gizani alikuwa ananishika mkono, ikitoka anacheka. Mnashuka Stesheni, katikati ya mji, si Mbezi. Kwa mtu anayekwenda upande wa Temeke au Mbagala hiyo peke yake imekuokolea nusu siku.

Sasa pesa ya mwenyeji. Usimuulize mdogo wako "tukuletee nini?" Atakujibu "njooni tu", kwa sababu hakuna Mswahili mwenye heshima zake atakayemtajia kaka yake bei ya chakula. Mimi wiki mbili kabla nilimrushia mdogo wangu 80,000 kwa simu na ujumbe: "Hii ni ya mchele, mafuta na gesi. Nunua sasa hivi kabla bei haijapanda ya sikukuu." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yalimfanya aipokee bila kubishana, kwa sababu ni kweli bei hupanda na yeye anaijua kuliko mimi. Mama akabeba vyake: karanga, mlenda wa kukausha, ubuyu. Alitaka abebe na jogoo mzima mzima, lakini treni ile si ya kupanda na jogoo, kwa hiyo Alhamisi jioni akachinjwa, akakaangwa, akasafiri kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kuna matumizi ambayo mgeni wa kutoka mkoani hayaoni. Maji ni la kwanza. Kwa mdogo wangu bomba halitoki kila siku. Maji ya kuogea ni ya kisima, yana chumvi, na ya kupikia yananunuliwa kwa dumu. Mtu wa Dodoma akishuka Dar mwezi wa nne, joto lile la unyevu la masika, ataoga mara mbili, watoto mara tatu. Safari ile ya kwanza sikuwahi kujiuliza yale mapipa yanajaaje kila asubuhi. Safari hii saa kumi na mbili nilikuwa nje na muuza maji, nahesabu madumu na kulipa mwenyewe. Luku nayo wanachangia nyumba nzima. Nikapiga picha namba ya mita, nikanunua umeme wa 10,000, nikawaambia wapangaji wenzake kuwa huu ni wa wageni. Mama mmoja wa chumba cha nyuma akaniambia hajawahi kuona mgeni wa mtu anafanya hivyo, na tangu hapo hakuna aliyenuna watoto wangu walipokaa bafuni. Na mwenye nyumba ajulishwe kabla. Mdogo wako ndiye atakayebaki naye mkishaondoka.

Kuhusu kulala. Najua wapo waliosema hapo juu kwamba kulala gesti wakati ndugu ana nyumba ni dharau. Nawaelewa, nimelelewa hivyo hivyo. Lakini chumba na sebule, watu wazima wanne na watoto wawili, chandarua kimoja, huo ni mzigo kwa kila aliyemo. Sisi tuliamua mama, mke wangu na watoto walale kwa mdogo wangu, mimi nikalala gesti ya mtaa wa pili, 15,000 kwa usiku. Nilimwambia kwenye simu kabla ya kufika, akakasirika: "Kaka, nyumba yangu imekushinda?" Sikujibu mimi. Mama ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, kaka yako anakoroma, niache nilale." Ikaisha. Mpe mama yako hiyo kazi kama yupo, au mtu mzima mwingine ambaye mdogo wako hawezi kumbishia. Nilikuwa nafika kabla ya chai na kuondoka baada ya chakula cha usiku. Vyandarua viwili tulivitoa nyumbani.

Jambo ambalo lilinigusa kuliko yote sikulipanga. Fundi cherehani wiki ya Pasaka hana sikukuu. Kila mtu anataka nguo yake ya Jumapili. Krismasi ile tulimvuta akatutembeze, akawa anashona usiku tukiwa tumelala, na mimi nilidhani ile sauti ya cherehani ni ya jirani. Safari hii Jumamosi asubuhi nikamwambia: leo hututembezi popote, nenda kwenye fremu yako. Mama akasema na yeye anakwenda huko huko. Mke wangu akawafuata.

Nilirudi na watoto jioni nikawakuta bado wako kazini, zimebaki nguo nne. Mama amekaa kwenye stuli karibu na mlango, miwani puani, anakata kwa mkasi mdogo zile nyuzi zinazoning'inia, kisha anaikung'uta nguo na kumpa mke wangu, ambaye anapiga pasi, anakunja na kuandika jina la mteja kwenye kipande cha karatasi. Ya mwisho ilikuwa gauni la mtoto wa kama miaka minne, kitenge cha bluu na njano, mikono ya puto. Zipu ikakataa, imekaa imepinda. Mdogo wangu akaifumua yote. Taa ya cherehani ilikuwa imeungua, basi mama akamshikia tochi ya simu, akaisogeza karibu na sindano, wameinamiana vichwa vinagusana, hakuna anayeongea. Mama wa yule mtoto alikuja saa nne usiku, kajifunga kanga, akalichukua gauni bado lina joto la pasi. Tulipokuwa tunafunga mlango mdogo wangu akaniambia, "Kaka, tangu nije Dar hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kukaa humu ndani." Anaishi Dar miaka tisa.

Kwa hiyo kuhusu watoto sitasema mengi, kwa sababu watoto hawahitaji mengi. Jumamosi hiyo niliwapandisha daladala mpaka mjini, tukatembea hadi Feri kuona samaki wanavyonadiwa, tukapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni 200 kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa Dodoma kuona gari, baiskeli, wauza matunda na watu mamia wanaingia kwenye chombo kimoja kisha chombo kinaondoka, ni sikukuu tosha. Wangu walidai turudie, tukarudia. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert tuliyaona ile safari ya kwanza. Mkubwa wangu alikuwa ameshasoma shuleni kuhusu Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na alisimama hapo mpaka nikachoka mimi. Coco Beach mihogo yake ni mitamu, sikatai, ila usiipange siku yenyewe ya Pasaka kama unatokea Mbagala. Kwenda utafika. Kurudi jioni na watoto wawili kugombania daladala, hapo ndipo watu hupoteza watoto. Na mwezi wa nne beba mwavuli na nguo za kubadili. Jumapili tulitoka kanisani na mvua, ikanyesha mpaka saa kumi, tukala ndani, jogoo wa mama akaisha, na mdogo wangu akalala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza katika wiki ile.

Jumatatu alifunga fremu akatusindikiza Stesheni. Tulifika mapema makusudi, kwa sababu mama alikuwa hajaiona bahari. Safari ya kwanza tulizunguka mji mzima, yeye tukamwacha nyumbani na vyombo, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Kutoka Stesheni hadi Azania Front, lile kanisa la Kilutheri ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, ni mwendo wa miguu tu hata kwa mtu wa umri wa mama. Akasimama ng'ambo ya barabara anaangalia meli. Mdogo wangu akamshika mkono, akawa anamweleza ipi ya mizigo, ipi ya Zanzibar. Mama akauliza, "Maji yote haya, na nyie mnanunua kwa dumu?" Mdogo wangu alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya mtandio.

Turudi kwa mdogo wako sasa. Mlinzi wa usiku anarudi saa moja asubuhi na usingizi wake ni mchana. Watoto wako wakiwa kwenye chumba na sebule saa tatu asubuhi, yeye halali, na saa kumi na mbili jioni anatakiwa lindoni tena. Hapo ndipo swali lako la tatu linajibika: asubuhi wapeleke popote, Feri, Makumbusho, hata kukaa chini ya mti mtaani, mradi wasirudi kabla ya saa nane. Chakula cha pamoja kiwe cha saa tisa, akishaamka. Na usikate tiketi kwanza. Mpigie leo umuulize zamu yake ya Pasaka ikoje, na kama ana siku moja ya mapumziko ni ipi, halafu hiyo ndiyo uijengee safari yote.