Asilimia 10 ya halmashauri: pengo linapungua?

Umeuliza kama mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inapunguza pengo la kipato Tanzania. Ndani ya halmashauri moja, kiasi. Kati ya halmashauri na halmashauri, hapana, kwa sababu fungu lenyewe (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba) ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri. Piga hesabu: inayokusanya bilioni 50 inatenga bilioni 5, inayokusanya bilioni 1 inatenga milioni 100, na mara nyingi hiyo ya pili ndiyo yenye shida kubwa zaidi.

Halafu kuna vikundi vinavyoundwa wiki ile ile ya kuomba mkopo: hela ikiingia wanagawana, kila mtu na njia yake, marejesho hayaonekani. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha kweli kina katiba, akaunti ya benki, daftari la hisa la miezi kadhaa na mradi mmoja unaoeleweka. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema. Inaniuma kwamba aliye maskini zaidi ndiye husikia habari hizi mwisho, dirisha la kuomba mkopo likiwa limeshafungwa.