Ganzi Imeanzia Wapi?

SWALI: Nafundisha madrasa, nakaa mkekani nimekunja miguu. Ikipita nusu saa mguu unakufa ganzi, na nikisimama unachomachoma kama sindano. Wazee wanasema damu imesimama. Ni kweli? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Wazee wamepata nusu, Mwalimu. Shida iko kwenye neno lenyewe: sisi huita "mshipa" kila kirefu kinachopita mwilini, uwe wa damu, wa fahamu, hata kano. Hapa kinachobanwa ni mshipa wa fahamu, yaani neva. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Neva inayonyanyua wayo inazunguka hapo karibu kabisa na ngozi, haina nyama ya kuikinga. Ukikunja mguu, inagandamizwa pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha, na ikikosa oksijeni haipitishi tena ishara. Kule kuchomachoma ni dalili njema: nyuzi zinaamka na kurusha ishara ovyo.

Neva moja ni fungu la nyuzi nyingi. Baadhi hupeleka habari kutoka kwenye ngozi hadi ugwe wa mgongo (ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo), nyingine huleta amri kwenye misuli. Ndiyo sababu ganzi na ulegevu huja pamoja, na ukikurupuka kusimama wayo unaburuta, unateguka kifundo. Nyoosha mguu kwanza, subiri mpaka hisia irudi, ndipo usimame. Badili mkao kila baada ya dakika 10 au 15. Wayo ukigoma kunyanyuka hadi kesho yake, nenda hospitali. Uzi wa neva uliokatika hukua upya takriban milimita 1 tu kwa siku. Kutoka goti hadi kifundo, sentimita 35 hivi, ni karibu mwaka mzima.

SWALI: Nikigusa sufuria ya moto mkono unaruka kabla sijasikia maumivu. Ubongo umejuaje haraka hivyo? (Mama lishe, Morogoro)

JIBU: Haujajua bado! Habari ya moto inaingia kwenye ugwe wa mgongo kwa mzizi wa nyuma wa neva, inapokewa na seli za kati humohumo, na amri inatoka kwa mzizi wa mbele kwenda kwenye misuli ya mkono. Ubongo unaletewa taarifa wakati mkono umeshaondoka.

Tena maumivu yenyewe huja mara mbili. Yale makali ya kwanza husafiri kwenye nyuzi zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Yale ya kuwaka polepole hupita kwenye nyuzi zisizo na ala, mita 1 hivi kwa sekunde, kwa hiyo yanachelewa. Wewe usichelewe: maji ya bomba yatiririke juu ya kidonda dakika 20. Dawa ya meno iache mswakini.

SWALI: Mama ana kisukari. Ganzi ilianza vidoleni, miguu yote miwili, sasa imefika kifundoni. Tumchue kwa maji ya moto? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, mtamuunguza naye asisikie. Nyuzi zinazofika vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, karibu mita 1, na sukari ikikaa juu muda mrefu huziharibu hizo mwanzo. Ndipo ganzi ikapanda kama soksi, miguu yote sawa. Mkague nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia nzuri. Asitembee pekupeku hata ndani. Kama anatumia metformini kwa miaka mingi, daktari ampime vitamini B12, kwani dawa hiyo inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu aulize kuhusu vitamini B6.

Baka la ngozi lisilosikia mguso ni jambo jingine: huenda ni ukoma, unaotibika. Na ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, ichukulieni kuwa kiharusi. Tafuteni gari saa hiyohiyo, na mkumbuke dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu daktari atauliza hilo kwanza.