Ufilipino inanihusu nini mie?

SWALI: Asalaam alaykum. Mie nalima mwani huku Micheweni, Pemba, mwaka wa tisa huu. Bamvua lililopita nimepeleka gunia tatu, mnunuzi kapima kanambia bei imeshuka tena, namuuliza kwa nini anasema eti Indonesia na Ufilipino wamevuna mwingi. Sasa jamani Ufilipino inanihusu nini mie? Na dada yangu yuko Paje, Unguja, kaacha mwani yuko hotelini anafua mashuka, ananambia na mie niache. Niache nile nini?
Mama Wawili, Micheweni

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Mnunuzi wako hakukudanganya ila kakwambia nusu.

Ufilipino inakuhusu tangu mwanzo, kwani hata mbegu ilitoka huko, mwani ulipoanza kulimwa kibiashara hapa kwetu 1989. Na huo unaouanika hauliwi Micheweni, unafungwa mkavu unapelekwa ng'ambo, viwandani wanatoa karaginani, ile inayofanya aiskrimu isiachane maji na dawa ya meno ishikane. Mwenye kiwanda hana habari nani kasimama kwenye maji mpaka kiunoni, yeye anataka mwani tu, na wenye mwingi ni hao Waindonesia na Wafilipino, sie tunatia kidogo. Wakijaza soko bei inashuka kwa wote na weye umo. Tena wengi wetu skuizi tumebaki na mwani aina ya spinosamu wa bei ndogo, aina ya kotonii yenye bei nzuri maji yakipata moto inakufa.

Nusu ya pili hii hapa. Kamba za kufungia mwani kakupa nani? Kama kakupa huyo huyo mnunuzi kwa sharti umuuzie yeye, basi hapo bibie hamna soko, pana mtu mmoja na mizani yake. Akisema imeshuka utampelekea nani mwengine? Hilo halitoki Ufilipino, liko hapo hapo pwani kwenu.

Waulize wazee wa karafuu watakwambia. Indonesia walikuwa wateja wetu wakubwa, karafuu wanatia kwenye sigara zao za kretek, halafu wakapanda mikarafuu yao wenyewe na miaka ya 80 wakajitosheleza, bei ikaanguka. Mchumaji hakuna aliyemfukuza kazi, mti ule ule, kuparamia kule kule, analipwa kwa pishi kama jana, ila hela ile sokoni hainunui tena alichozoea kununua. Mshahara unaweza kushuka hivyo, kimya kimya, bila mtu kuandikiwa barua.

Sasa la dada yako. Wachumi wanapenda kusema kazi ikifa hapa watu watahamia penye kazi. Kuna wachumi watatu, Autor, Dorn na Hanson, mwaka 2013 walitoa utafiti juu ya sehemu za Marekani zilizobanwa na bidhaa za China, wakakuta kazi za viwandani zimepungua na watu wengi wamebaki pale pale, hawakuhama kama ilivyotarajiwa. Na huko kuna barabara na magari, seuze weye mwenye watoto wawili na bahari katikati!

Simlaumu dada, Paje hoteli ziko mlangoni. Lakini utalii nao ni kuuza nje, mnunuzi tu ndo anakuja mwenyewe na begi. 2020 corona ilipoingia ndege zikasita, hoteli ngapi zilifunga milango na wafua mashuka wakarudi nyumbani, muulize. Halafu muulize na chumba analipa shingapi na nauli ya kuja Pemba sikukuu, atoe yote hayo ndo akutajie mshahara.

Mie ningekuwa weye nisingeacha saivi. Ningekaa na wenzangu watano sita tuchange tununue kamba zetu, za mstari mmoja tu kwanza, mwani wa mstari huo hauna sharti la mtu, tuupeleke kwa mnunuzi wa pili tusikie naye anasemaje. Sabuni ya mwani wanawake wa Unguja wanatengeneza na inauzika, ila wanunuzi wengi watalii, na huko kwenu hawajafika wengi kihivyo, kwa hiyo usikopee sabuni. Na bamvua lijalo kabla hujatoka nyumbani pima gunia zako kwa mizani ya dukani, uandike.