Maswali na Majibu: Nimemaliza kilomita 3,500, sasa nyumbani kisigino kinachoma na raha sina

SWALI: Salaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Malindi, nina miaka 34. Katikati ya Oktoba nilimaliza kwa miguu njia ya Appalachian huko Marekani, kutoka Springer Mountain, Georgia, hadi kilele cha Katahdin, Maine. Hii ni wiki ya tano niko nyumbani. Nikiamka nachechemea, kisigino cha kulia kinachoma, vidole vina ganzi, na viatu vyangu vya namba 42 vinanibana. Nala kama nilivyokula njiani na kitambi kimeanza. Raha sina, na nyumbani wanashangaa. Nipumzike kabisa au nirudi kutembea?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu, na hongera sana. Usipumzike kabisa. Mwili uliozoea kupanda na kushuka milima kutwa nzima, mzigo mgongoni, ukiusimamisha ghafla unakakamaa, na moyo nao unazama. Unatakiwa upunguze kidogo kidogo.

Tuanze na kisigino. Kama hatua za kwanza asubuhi ndizo chungu kuliko zote, kisha maumivu yanalegea ukishatembea kidogo, basi huo ni utando wa unyayo, ule unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Kabla hujashuka kitandani, kaa, pandisha mguu juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwenye ugoko mpaka uusikie utando umekaza kama uzi chini ya kidole gumba chako cha mkono. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Zoezi la pili ni la nguvu: simama kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, kisigino kikining'inia. Inua kisigino kwa sekunde 3, tulia 2, shusha kwa 3. Anza na mara 12, siku moja ndiyo, moja hapana. Usitarajie nafuu ya wiki moja. Utando huu hupona kwa miezi.

Kinachowarudisha wengi nyuma hapa kwetu ni sakafu. Viatu vinaachwa mlangoni, na mtu anashinda peku juu ya saruji na vigae. Tenga ndara safi za ndani zenye soli nene, na zikae chini ya kitanda ili hata hatua ya kwanza usiikanyage sakafu tupu. Kwenye swala, kile kikao cha tahiyatu chenye vidole vya kulia vilivyokunjwa huuvuta utando huohuo kwa nguvu. Ukiumia, kalia kiti kwa muda.

Ila kama maumivu yako kwenye mfupa, mahali unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, na yanazidi kadiri unavyotembea, acha mazoezi ukapigwe picha. Huenda ni ufa wa mfupa. Picha ya wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo maumivu yakiendelea irudiwe.

Ganzi ya vidole inatokana na mishipa ya fahamu iliyobanwa na kugongwa miezi yote hiyo. Kwa kawaida huisha yenyewe kwa wiki kadhaa hadi miezi. Usiweke barafu kwenye vidole hivyo, kwa sababu hutaisikia ikikuunguza. Ganzi ikipanda juu, au kifundo kikilegea, kapimwe, na sukari ipimwe pia. Kuhusu viatu, mguu umetanuka kwa sababu kano za upinde wa unyayo zimelegea, na huenda usirudi namba 42. Pima jioni, ukiwa umesimama, ubakishe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Vile ulivyomalizia safari usivitembelee tena. Soli yake imekufa.

Kutembea, anza dakika 30 hadi 40, siku tano kwa wiki, bila mzigo, mapema kabla jua halijachoma, maana umetoka kwenye baridi na mwili unahitaji wiki moja hadi mbili za kutembea ili kulizoea joto letu. Ufuo wa Silversands unafaa maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Mchanga laini wa juu unazamisha kisigino na kuuvuta zaidi utando. Ufuo umeinama kuelekea baharini, hivyo nenda na urudi njia ileile ili mguu mmoja usibebe mwinamo peke yake.

Njaa itachukua wiki kadhaa kushuka. Usijinyime. Punguza sukari na soda kwanza, ubaki na samaki, mayai na mbaazi. Vyakula hivyo hushibisha kwa muda mrefu kuliko mahamri matupu.

Jambo moja naliomba kwa mkazo. Ukipata homa, pima malaria siku hiyohiyo. Kukaa mbali nusu mwaka na zaidi hupunguza kinga uliyokuwa nayo, basi lala ndani ya chandarua. Na mwambie daktari umepita kwenye misitu ya kupe wa Marekani, maana ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe hao, hauko kwenye mawazo ya daktari wa Malindi asipoambiwa. Baka jekundu linalotanuka, uso kulegea upande mmoja, au goti kuvimba hata baada ya miezi: mtajie.

Hiyo huzuni si kukosa shukrani, na wa nyumbani waelezwe. Miezi yote uliamka na kazi moja: kufuata alama nyeupe za inchi 2 kwa 6 zilizopakwa kwenye miti, kutoka moja hadi nyingine. Sasa hakuna anayekuonyesha alama inayofuata. Jiwekee saa ya kuamka isiyobadilika, na kazi moja ya asubuhi yenye mwisho unaoonekana. Wapigie wenzako wa njiani. Saa mbili usiku hapa, msimu huu, ni saa sita mchana mashariki ya Marekani, wako macho. Lakini usingizi ukikosekana na huzuni ikikaza wiki mbili mfululizo, au yakija mawazo ya kutotaka kuishi, nenda hospitali siku hiyo, tena usiende peke yako.